Visogo Tisa

Mtaa hauna ubahili wa vyeo. Kijana mwenyewe alikuwa askari wa kawaida, begani hana hata mstari mmoja, lakini siku aliyoshuka na begi lake la kijani, fundi viatu wa upande wa pili wa barabara alisimama, nyundo mkononi, akampigia saluti na kumwita Koplo. Mpaka jioni mtaa mzima ulishampandisha cheo. Angekaa mwezi wangemfikisha ujenerali, ila likizo yenyewe ilikuwa siku kumi tu.

Tatu za mwanzo alizimaliza kwa kulala. Alilala kitandani, akalala kwenye kochi wakati shangazi yake akimtajia waliooana na walioachana, akalala mezani kijiko kikiwa mkononi. Mama yake alimfunika shuka na kuwaambia wageni warudi kesho, mtoto katoka safari ndefu. Wageni waliitikia kwa adabu. Lakini safari ya siku moja hailaliwi siku tatu, na mama alilijua hilo kabla yao. Uchovu wa Koplo haukuwa wa miguu. Kila akifumbua macho aliukuta umemsubiri palepale, akauvaa pamoja na shati.

Jumapili, siku ya nne, aliamka mapema akaenda kazini kwa baba.

Kazini kwa baba ni chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe, kilichotobolewa mlango upande wa barabara. Baba alikuwa kinyozi, na neno saluni hakutaka kulisikia. "Saluni wanabembeleza watu," alikuwa akisema, "hapa tunanyoa." Palikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kilishagoma kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, kabati la vyombo linalonuka spiriti na poda, na benchi la wanaosubiri. Juu ya kioo yalikuwepo maneno ya rangi nyekundu ambayo baba aliyaandika kabla Koplo hajazaliwa: MWENZIO AKINYOLEWA, ZAKO TIA MAJI. Wateja wapya huyacheka. Wa zamani hawayaoni tena.

Wateja wenyewe walikuwa wamekwisha. Jicho la kulia la baba lilikuwa limefunikwa na ukungu, la kushoto liko njiani, na mkono uliowanyoa watu wa mtaa ule na baba zao ulikuwa umeanza kutetemeka. Hawakumkimbia kwa mpigo. Wana adabu zao. Mmoja alisema amehamia mbali, mwingine kwamba nywele zake siku hizi hazikui. Mwishowe alibaki fundi viatu, naye ana kipara.

"Umeamka," baba alisema bila kugeuka. Watu aliwajua kwa nyayo zao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo. Mdogo wako ana jambo, ananitafuna masikio tangu juzi. Nimemwambia angoje uamke akueleze mwenyewe."

Mdogo wake ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na jina likambaki hivyohivyo, Kitinda, ingawa sasa ana miaka kumi na tisa na amemzidi kaka yake kimo. Aliingia akaujaza mlango mzima, nywele zake nyingi zimesimama, akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati.

"Kaka, wamenichukua."

"Kina nani?"

"Jeshi, nani tena? Naripoti Jumamosi, siku yako ya kurudi. Tutapanda basi moja mpaka njia panda. Hapo wewe unakwenda kwako, mimi naingia kambi ya mafunzo."

Koplo aliisoma barua mara mbili. Ilikuwa fupi, kwenye karatasi nzuri nene. Ilimtaka mhusika afike na soksi jozi tatu, kikombe cha bati na kichwa kilichonyolewa, na ikamwarifu kwamba asipofika siku hiyo nafasi yake atapewa mwingine. Kwa hiyo kiapo bado, kutokwenda si kosa. Koplo aliushika mstari huo wa mwisho kwa macho kama mtu anayeshika ukingo wa kisima.

"Hukuniambia," alisema.

"Ningekwambiaje, na wewe unalala mpaka mchana? Halafu si wewe mwenyewe uliyenitia hamu? Ile barua yako baba kanisomesha mbele ya wateja mpaka imekatika kwenye mikunjo. 'Hali yangu njema, kazi ipo, hapa kila mtu anataka kunyolewa na mimi.' Nikasema, kumbe huko mtu anaonekana. Mimi hapa mwaka wa pili nakaa benchini nangoja kazi, hata nzi wamenizoea."

Fundi viatu, aliyekuwa amekaa benchini, alicheka. Koplo hakucheka. Barua ile aliiandika kwa mkono wake, na ndani yake hakuna neno hata moja la uongo. Hilo ndilo lililomuuma.

"Ijumaa utamnyoa," baba alisema. "Nyumba hii mtoto hatoki kwenda safari ya maana bila kunyolewa na baba yake. Babu yenu alininyoa mimi, mimi nikakunyoa wewe. Sasa baba haoni, na mkono nao unacheza ngoma yake. Atashika mkubwa. Ndiyo utaratibu."

"Nimechoka, baba."

"Ijumaa bado. Utakuwa umeshapumzika."

Kule alikotoka, hilo jina la Koplo hakuna aliyelijua. Huko aliitwa Kinyozi. Siku ya kwanza waliulizwa mmoja mmoja wanajua kazi gani, na yeye, kwa ugeni wake, akasema kweli. Wakampa mashine ya betri, wembe, na sanduku tupu la risasi la kuwakalishia wenzake. Kila Jumamosi alinyoa kikosi kizima, kuanzia luteni mpaka mpishi.

Wasioijua kazi hii hudhani kinyozi anawajua watu kwa sura. Sura anaiona kwenye kioo, na porini kioo hakuna. Kinyozi anamjua mtu kwa kisogo. Yule wa redio alikuwa na kinundu nyuma ya sikio. Mpishi alikuwa na mikunjo mitatu shingoni, mmoja juu ya mwingine. Dereva wa lori la maji nywele zake zilizunguka mara mbili utosini, na mama yake alimwambia utotoni kwamba hiyo ni dalili ya kuoa wake wawili. "Nami hata wa kwanza bado," alikuwa akisema kila Jumamosi, na kila Jumamosi walicheka upya, maana huko vichekesho havikuwa vingi na walivitumia kwa uangalifu.

Asubuhi moja lori la maji lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, likashika moto. Lilikuwa limebeba watu tisa. Vibati vya majina walivyovaa shingoni, vingine viliyeyuka na vingine havikuonekana. Walipowarudisha kambini waliwalaza kifudifudi kwenye turubai, kwa sababu nyuso zilikuwa hazisaidii tena, na luteni akasimama na daftari lake hajui aandike nini. Ndipo mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema: "Mwiteni Kinyozi."

Akaitwa. Alipiga magoti kwa kila mmoja, akapitisha kiganja. Huyu ni wa redio. Huyu ni mpishi. Huyu simjui vizuri, ngojeni. Ndiyo, ni yule mrefu wa hema la tatu. Aliwataja wote tisa na hakukosea hata mmoja, na luteni alipomaliza kuandika alimpa mkono akamwambia kazi nzuri.

Jumamosi iliyofuata foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Walikuja wenye nywele na wasio nazo. Hakuna aliyeligusia lile jambo, ila kila aliyekaa kwenye sanduku alisema kwa sauti ya chini, "Nishike vizuri." Wiki ya pili mmoja akaomba alama: mstari mdogo wa wembe nyuma ya sikio la kushoto. Jirani yake akataka miwili. Mwingine akataka uliopinda. Ukawa utaratibu, na utani juu yake, "Changu usimpe mtu." Walibaki watu arobaini na mmoja, na Kinyozi akawajua wote kwa vidole. Kila akijilaza, vidole vilianza vyenyewe kuwaita kwa zamu, wa kwanza mpaka wa arobaini na moja, vikarudi mwanzo. Huo ndio uchovu aliorudi nao nyumbani. Na ni kweli, kama alivyoandika: kila mtu alitaka kunyolewa na yeye.

Jumatano alimpeleka baba kliniki ya macho. Kliniki wamepanga mabenchi kwa safu, watu wote wanatazama dirisha moja la kuandikishia, kwa hiyo aliyekaa nyuma hana cha kutazama ila visogo. Koplo alijaribu kutazama sakafu. Akatazama tangazo la kunawa mikono, akalisoma mpaka akalijua kwa moyo. Kisha safu ya mbele yao akaja kukaa fundi rangi, nguo zake za kazi zimejaa matone meupe. Alipovua kofia, utosini nywele zake zilizunguka mara mbili.

Dereva alikuwa ameshakufa. Koplo ndiye aliyemtaja, na hilo alilijua vizuri. Mkono wake ndio haukulijua. Ulinyanyuka wenyewe, ukamshika yule fundi rangi utosini, ukampapasa polepole mpaka shingoni.

Fundi rangi aligeuka. "Vipi, ndugu yangu?"

"Samahani. Nimekufananisha."

"Umenifananisha kwa kichwa?" Watu wa benchi lile wakaangua kicheko. Fundi rangi mwenyewe akacheka, akarudisha kofia yake. "Kama zimekua sana niambie tu, nitakwenda kunyoa."

Koplo aliukalia ule mkono ili utulie. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, kwa sababu kwa muda wa pumzi mbili alikuwa amefurahi.

"Ulikuwa unamtafuta nani?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dereva mmoja wa kule."

"Yuko wapi?"

Koplo alirudi kulisoma tangazo la kunawa mikono. Baba hakurudia swali. Alikuwa na miaka arobaini katika kazi ile, na aliijua maana ya mkono unaotafuta kichwa. Alimwomba ule mkono, akauweka gotini pake, akaushika kwa wake unaotetemeka mpaka walipoitwa dirishani. Daktari alisema jicho linasafishika, zamu tu ndiyo ndefu. Kuhusu mkono alisema ni umri. Njiani kurudi baba alimwambia, "Ijumaa ukiona huwezi, sema."

"Nitaweza, baba," Koplo alijibu. Akisema hawezi ataulizwa kwa nini.

Na alikuwa amejaribu kusema, tusimwonee. Alianza mara tatu. Mara ya kwanza Kitinda alimkatiza akitaka kuonyeshwa buti zinavyong'arishwa. Mara ya pili shangazi aliingia kumwombea Kitinda baraka. Mara ya tatu walikuwa wawili tu uani, hakuna wa kuwakatiza, akafungua mdomo na kilichotoka ni kwamba huko asubuhi kuna baridi, achukue sweta. Ulimi haukuwa na pa kuanzia. Unamwambiaje mtu mwenye furaha kwamba usichomtakia ndicho anachokishangilia? Mama alikuwa anafua mashati ya Kitinda ya safari. Aliyafua Jumatatu, na Alhamisi akayafua tena yakiwa safi.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Kitinda alikaa kwenye kiti kinachozunguka, akajizungusha mara moja, akaambiwa aache utoto. Baba alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Fundi viatu alifunga kazi akaja benchini kushuhudia. Mama, ambaye saa za kazi haingii chumba kile, alisimama kwenye mlango wa ndani na shati moja limening'inia mkononi.

Koplo alimfunga shuka shingoni, akawasha mashine. Alianza upande wa kulia. Nywele zilianguka mabonge mabonge begani na sakafuni, na kichwa cha chini yake kikatokea, cheupe kidogo kuliko uso, cha kitoto kuliko alivyotegemea.

"Polepole, Koplo," fundi viatu alisema, "usije ukamaliza na masikio."

Upande wa kulia ulikwisha. Akahamia wa kushoto, na kama inavyofanywa, akakishika kichwa kwa mkono mmoja kabla ya kupitisha mashine kwa mwingine. Nyuma ya sikio, ndani ya nywele, kidole gumba kilikuta kovu dogo. Alilijua. Alilitengeneza yeye, siku alipomsukuma Kitinda kwenye toroli la jirani na toroli likapinduka juu ya jiwe. Mama aliambiwa mtoto kajikwaa. Kidole kililipita lile kovu mara moja. Kikarudi, kikalipita mara ya pili, taratibu, kutoka juu kwenda chini, na Koplo akajua kinafanya nini. Kilikuwa kinalihifadhi. Wa arobaini na mbili.

Akazima mashine.

"Umeme umekatika?" baba aliuliza.

"Hapana. Nimezima mwenyewe."

"Mbona?"

"Siwezi kukijua kichwa hiki," Koplo alisema. "Vingine vyote sawa. Hiki siwezi."

Kitinda alimtazama kupitia kioo, kichwa nusu kimenyolewa na nusu kimesimama. Fundi viatu alifungua mdomo kutia neno, akamwona mama mlangoni, akaufunga.

Akawaeleza. Hakueleza vizuri, alianzia mwishoni, akarudi kwenye sanduku la risasi, akaruka hadi kwa luteni na daftari lake. Aliwataja wote tisa, na alipowataja vidole vyake viligusa hewa, kinundu hapa, mikunjo pale. Aliwaeleza habari za mistari ya wembe na utani wake. Aliwaambia kwamba barua aliyoiandika ilikuwa kweli tupu, na kwamba tangu aiandike hajaacha kujichukia. "Ukienda huko," alimwambia mdogo wake, "sitalala tena. Nasema wazi. Hata nilale siku tatu, sitalala." Mashine alikuwa bado ameishika, imezimwa, waya unaning'inia.

Fundi viatu aliinuka, akasema kuna kiatu kinamngoja, akatoka. Hakukuwa na kiatu. Ni mtu mzima, basi.

"Na hilo kovu," Koplo alimgeukia mama, kwa kuwa alishaanza kusema hakujua pa kuishia, "hakujikwaa. Nilimpindua na toroli."

"Najua," mama alisema. "Jirani aliniambia siku ileile."

Kitinda alibaki kujitazama kwenye kioo. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili.

"Wote tisa?"

"Wote."

"Hukukosea?"

"Sikukosea."

"Na wewe, kaka? Huko wewe nani anakunyoa?"

"Najinyoa. Napapasa tu."

"Sasa wewe nani atakutaja?"

Koplo aliitazama mashine mkononi. Watu arobaini na mmoja walikuwa na wa kuwajua. Yeye hakuwa na mtu, na mpaka dakika ile hakuwa amegundua kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya mzigo.

"Kinyozi hajinyoi," baba alisema. Ulikuwa msemo wake wa kuchekeshea wateja waliomuuliza nywele zake anampa nani. Safari hii hakuna aliyecheka. Aliinuka kwenye stuli, akapapasa njia mpaka kwenye kiti. "Toka hapo, Kitinda. Mkubwa, kaa."

"Baba, mkono wako—"

"Nimesema nitakunyoa mimi? Kaa."

Koplo akakaa. Shuka likafungwa shingoni mwake, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani mtu kumfunga shuka. Alipumua hadi tumboni. Baba alimpa Kitinda wembe, akamsimamisha nyuma ya kiti, na yeye mwenyewe akasimama nyuma ya Kitinda, mkono wake juu ya mkono wa kijana.

"Mimi sijui kunyoa, baba. Miaka yote umenisema sijui."

"Leo utajua. Weka kiganja hapa, utosini. Kizima, usiweke vidole tu. Sasa shuka. Umekuta kibonde?"

"Nimekikuta."

"Alizaliwa nacho. Mkunga alifikiri ni yeye kamminya. Endelea. Hapo mfupa umetokeza kidogo, umeuona? Kushoto haupo. Rudia. Usitumie macho, funga macho yako, mimi nimefanya hivyo mwaka mzima na hamkunigundua." Baba aliukaza mkono wake juu ya ule wa Kitinda. "Siku moja, Mungu aepushie mbali, wakija watu hapa na gari, wakasema huyu ndiye mtoto wenu, mimi macho sina. Mama yenu hataweza. Lazima nyumbani awepo mtu wa kuwaambia ndiye au siye. Umenielewa, Kitinda?"

"Nimekuelewa."

"Basi mjue kaka yako."

Wakanyoa hivyo, mikono miwili kwa wembe mmoja, mmoja unatetemeka kwa umri na mwingine kwa kulia, maana Kitinda alikuwa analia waziwazi na kujifuta kwa bega. Koplo aliilaza mikono magotini. Hakuna kidole chake kilichotaja mtu. Nyuma ya sikio la kushoto wembe uliteleza, akahisi uchungu mwembamba na kitu cha moto kikishuka shingoni.

"Nani katetemeka?" baba aliuliza. "Mimi au wewe?"

"Sijui, baba. Damu inatoka."

"Iacheni," Koplo alisema. "Pazuri hapo."

Mama alileta pamba na spiriti. Baba akanyoosha mkono pembeni, kama alivyozoea, akaomba karatasi ya kufutia wembe. Magazeti ya zamani yaliyokaa kabatini yalikuwa yamekwisha. Kitinda aliangalia kabatini, akaangalia sakafuni, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa bahasha, akaikunjua barua na kumwekea baba kiganjani. Baba aliufuta wembe upande mmoja, akaugeuza, akafuta na wa pili. Sabuni, nywele na damu kidogo.

"Karatasi nzuri hii," alisema. "Nene. Umeitoa wapi?"

"Ilikuwepo tu mfukoni."

Koplo aliona yote kwenye kioo. Akafumba macho.

Jumamosi asubuhi mama aliyatoa mashati ya Kitinda kwenye begi, akayarudisha kabatini moja moja. Fundi viatu alipiga saluti yake, safari hii bila nyundo. Baba aliaga akiwa kwenye stuli, akampapasa Koplo kichwa mara moja kama mtu anayehakiki kazi ya mwanafunzi, akasema mstari wa shingoni umepinda lakini utapona.

Kitinda alimbebea begi mpaka kituoni, akapanda nalo ndani ya basi. Alikuwa amevaa kofia ya sufi, imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kwa sababu nusu ya kichwa ilikuwa bado.

"Mwambie baba akumalizie," Koplo alisema.

"Ikae hivyohivyo. Utanimalizia ukirudi."

"Watasema umerukwa na akili."

"Si wanajua nimezaliwa nyumba gani." Akacheka, kisha hakucheka tena. Akavuta kofia ya kaka yake nyuma, akapitisha kiganja kizima, utosini mpaka shingoni, mbele ya abiria wote, akiwa amefumba macho. Halafu akateremka.

Basi liliondoka. Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa mama mmoja na kapu lake, akasinzia mapema. Mbele, safu kwa safu, visogo vya watu wasiomhusu vilitikisika na barabara, naye kwa mara ya kwanza aliviacha. Kufika njia panda kidonda kilikuwa kimeanza kukauka. Spiriti ya mama ilikuwa nzuri mno. Kwa mwendo ule kingepona bila kuacha alama. Koplo alivua kofia, akakitafuta kwa kidole, nyuma ya sikio la kushoto, akakibandua kwa ukucha. Kila kilipotaka kufunga alikifungua tena, njia nzima, mpaka kambini.